Pikapu Kuukuu na Tope la Sindo

Kabla ya kufungua boneti, tutazame chini. Vilima vya Gwasi vinavyoinuka nyuma ya Sindo, mji wa ufuoni mwa Ziwa Victoria hapa Kenya, ni mabaki ya Kisingiri, volkano iliyokuwa ikitapika majivu na lava takriban miaka milioni 18 iliyopita. Majivu hayo ndiyo yaliyowafunika wanyama wa kale wa kisiwa cha Rusinga, ambako mwaka 1948 Mary Leakey alifukua fuvu la Proconsul, jamaa wa kale wa sokwe. Wanasayansi wanaishukuru volkano hiyo hadi leo. Dereva wa pikapu ana maoni yake. Miamba ya eneo hili, baada ya kuliwa na jua na mvua kwa muda mrefu, imemwachia mawe makali mlimani na, kule bonde la Lambwe, udongo mweusi wa pamba.

Udongo huo una madini ya jamii ya smektaiti. Chembe zake ni vibamba vyembamba mno vilivyolaliana tabaka juu ya tabaka, na maji yakipenya katikati, tabaka husukumana, udongo ukavimba. Kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Masika yakifika, huteleza chini ya tairi na papo hapo ukaling'ang'ania tairi hilo hilo. Barabara kuu itokayo Mbita kupitia Sindo na Magunga hadi Sori, upande wa Migori, ina nafuu yake. Kazi iko kwenye vijia vya kushukia ufuoni kuchukua omena na mbuta, na vile vya kupanda Gwasi kuteremsha mahindi. Gari la mjini likiingia huko Aprili, lisubiri ng'ombe waje kulivuta.

Basi watu hugeuza pikapu za zamani kuwa magari ya kuhimili tope. Sababu ya kwanza ni mfuko. Ya pili ni kanuni ya KS 1515, inayokataza kuingiza nchini gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Pikapu ngumu za miaka ya 1980 na 1990 ni zile zile zilizokwisha kuwa hapa, zikipokezanwa mkono kwa mkono. Ya tatu ni jinsi zilivyoundwa. Zina chasisi ya ngazi: mihimili miwili mirefu iliyounganishwa kwa vyuma vya kukingama, na bodi ikakalishwa juu yake kwa boliti na raba. Fungua boliti, waite vijana wanyanyue bodi, na gari lote liko uchi mbele yako. Toyota Hilux ya muundo wa LN106, ya kati ya 1988 na 1997, ndiyo inayotafutwa sana na wajuzi, kwa kuwa hata mbele ina ekseli ngumu ya kipande kimoja na springi za mabamba, vitu ambavyo fundi yeyote mwenye jeki na spana anaweza kuvishusha na kuvirudisha.

Kinachoamua kama pikapu inafaa kugeuzwa ni chasisi, na pikapu ya samaki huoza kutoka ndani. Barafu ya mbuta inayeyuka, maji yenye damu na magamba yanachuruzika sakafuni, yanaingia ndani ya mhimili wenye uwazi katikati, na humo hayakauki. Nje rangi bado inang'aa. Fundi mjuzi haiamini rangi. Anachukua nyundo ndogo, analala chini ya gari, anagonga mhimili kila baada ya shubiri moja huku ametega sikio. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa sauti butu, na pengine ncha ya nyundo ikatumbukia. Anakaa zaidi pale mhimili unapopinda juu ya ekseli ya nyuma, maana mzigo hulemea hapo na matope hujificha hapo.

Kiraka nacho kina elimu yake. Ukichomelea mshono ulionyooka kutoka juu hadi chini ya mhimili, umeuandalia mahali pa kukatikia, kwa sababu joto hubadilisha chuma kilicho kando ya mshono, na mstari wima huukusanya udhaifu wote sehemu moja. Bamba hukatwa kwa umbo la almasi, mshono ukaenda mshazari na mkazo ukasambaa.

Sasa injini, kitu ambacho vijana hukitaja kwanza. Tupige hesabu. Dizeli ya lita 2.8 ya Hilux ile hutoa nguvu ya mzunguko ya karibu Nm 185. Gia ya kwanza huizidisha kama mara 3.9. Ile fimbo ya pili, ya kuunganisha magurudumu manne, ikitiwa kwenye gia za chini, inazidisha tena mara 2.28, kisha difu, zile gia za katikati ya ekseli, mara 4 hivi. Jumla ni kama mara 36. Toa asilimia 15 inayopotea kwenye meno ya gia, gawanya kwa sentimita 36 za kutoka kitovu cha gurudumu hadi ardhini, utapata msukumo unaozidi kidogo tani moja na nusu. Na tope linapokea kiasi gani? Gari la tani 2 pamoja na mzigo wake, juu ya utelezi ambao kipimo chake cha msuguano ni 0.3, haliwezi kusukuma zaidi ya kilo 600. Nguvu inayobaki huzungusha matairi na kurusha matope kwenye nguo za wapita njia. Injini ile ile inayodharauliwa ina zaidi ya mara mbili ya kinachohitajika, na ndiyo maana kwangu kuanza na injini kubwa ni kutupa pesa ziwani. Isitoshe, injini ikibadilishwa, Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) inapaswa kuarifiwa na kumbukumbu za gari zirekebishwe.

Mashindano ya magari ya Rhino Charge yanafundisha jambo hilo kila mwaka. Yalianza 1989 ili kuchangia Rhino Ark, shirika lililosimamia ua wa umeme wa kuzunguka Aberdare, wa kilomita 400 hivi, uliokamilika 2009. Washindani hupewa saa 10 kufikia vituo 13, na ushindi ni wa aliyevifikia vyote kwa umbali mfupi kuliko wenzake. Mbio hazimsaidii mtu. Anayeshinda ana gari linaloweza kutambaa korongoni na kutokea upande wa pili huku magurudumu yote manne yakishika.

Na kushika huanza na difu. Difu ya kawaida huyagawia magurudumu mawili ya ekseli moja nguvu sawa. Ni sifa njema barabarani, ila moja likining'inia hewani au likikanyaga utelezi, halihitaji nguvu yoyote ili lizunguke, na mwenzake aliye pakavu hupewa hicho hicho kidogo. Gari lenye nguvu zote linashindwa na gurudumu moja. Dawa ni kufunga difu ili magurudumu yazunguke pamoja. Vifaa vya kuifunga na kuifungua kwa swichi ni ghali, kwa hiyo mafundi wengine huchomelea gia za ndani moja kwa moja. Kwenye tope inafanya kazi kweli kweli. Kwenye lami maji yanazidi unga. Gari likizunguka duara zima, gurudumu la nje husafiri karibu mita 9 zaidi ya la ndani, haidhuru duara ni dogo au kubwa. Difu iliyochomelewa haikubali tofauti hiyo, basi tairi linaburuzwa, na shafti hukatika siku usiyotarajia.

Matairi yana siri isiyogharimu shilingi. Uzito wa gari hubebwa na upepo uliomo ndani, kwa hiyo eneo linalogusa ardhi hutegemea upepo huo. Pikapu ya kilo 1,700 yenye upepo wa psi 35 kila tairi hukanyaga, kwa kila gurudumu, eneo la sentimita za mraba 170 hivi, sawa na kiganja kilichokunjuliwa pamoja na vidole. Punguza hadi 18, na eneo linakaribia maradufu. Tairi linalala, haliuchimbi udongo. Sharti ni kwenda polepole, na kurudisha upepo kabla ya lami, la sivyo tairi litachemka na kupasuka.

Vijito vinavyoteremka Gwasi baada ya mvua vina mtego mwingine. Dizeli ile ya Hilux hubana hewa kama mara 22, kwa hiyo pistoni ikifika juu, nafasi inayobaki katika kila silinda ya injini hii ni ya mililita 33 tu. Maji hayabanwi. Yakivutwa kwa mdomo wa hewa hata kiasi hicho kidogo, mkono wa pistoni unapinda. Ndiyo kazi ya bomba linalopandishwa kando ya kioo hadi juu ya paa. Wengi hulifunga kwa urembo, wakasahau kipira chembamba cha kupumulia cha difu. Difu yenye joto ikizama kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kufyonza maji kupitia sili, na oili ikawa kama chai ya maziwa. Kipira hicho kirefushwe hadi usawa wa boneti. Bei yake ni ya kucheka.

Kuinua gari ndiko kunakopendwa zaidi, na kunakoharibiwa zaidi. Kimo kina faida: Mobius, kampuni iliyounda magari ya njia mbovu hapa Kenya na iliyotangaza kufunga mwaka 2024, ilianza na gari linalovutwa na magurudumu ya nyuma peke yake, likitegemea kimo chake kutoka ardhini. Lakini ukipandisha bodi sentimita 10 kwa kuongeza mabamba ya springi, umepandisha pia kitovu cha uzito. Pikapu iliyokuwa ikivumilia mteremko wa ubavuni wa digrii 45 kabla ya kupinduka sasa itaanguka kwenye 41 au 42, na magunia yakipangwa juu ya kerea, mapema zaidi. Propela nayo huinama kwa pembe kali, na krosi, kiungo chake, ikiwa imepinda hivyo huzungusha shafti kwa kasi isiyo sawa, ikipanda na kushuka mara mbili katika kila mzunguko. Mtikisiko unaosikika kwenye kiti hutoka hapo.

Kuna kifaa kingine ambacho wengi hawakijui hata kwa sura. Nyuma ya Hilux nyingi, juu ya ekseli, kuna fimbo nyembamba ya chuma inayoelekea kwenye vali ya breki. Kazi yake ni kupima mzigo: bodi ikilala karibu na ekseli, vali hujua gari limebeba na kuyapa magurudumu ya nyuma breki zaidi, bodi ikiwa juu, hudhani gari ni tupu na kuzipunguza. Inua gari kwa springi na umeidanganya vali hiyo. Utateremka Gwasi na magunia kumi ya mahindi huku breki za nyuma zikiamini hujabeba kitu. Marekebisho yake ni kibano cha bamba nene kinachoinua mwisho wa fimbo upande wa ekseli kwa kiasi kile kile bodi ilichopanda, na boliti mbili.