Mwanga wa nyongeza kwa mimea

Mwanga wa nyongeza ni mwanga wa taa unaotolewa kwa mimea ambayo tayari inapata mwanga wa jua, kwa mfano ndani ya kitalu nyumba (nyumba ya kioo au plastiki) au karibu na dirisha la nyumba ya kuishi. Hutumiwa hasa katika nchi zilizo mbali na ikweta, ambako siku za majira ya baridi ni fupi na jua ni hafifu. Mazao yanayokuzwa hivyo ni pamoja na nyanya, saladi, maua ya kukata na, katika nchi ambako sheria inaruhusu, bangi.

Taa inaweza kufanya kazi mbili tofauti: kuusaidia mmea kutengeneza chakula, au kubadilisha urefu wa usiku wake. Kazi ya kwanza inahitaji mwanga mwingi na umeme mwingi. Ya pili inahitaji mwanga kidogo sana.

Historia

Mwaka 1880 mhandisi William Siemens, mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi Uingereza, aliieleza Royal Society ya London kuhusu majaribio yake ya kumulika mimea kwa taa ya tao la umeme. Mimea iliyopata jua mchana na taa usiku ilistawi kuliko ile iliyopata jua peke yake. Siemens aliona kwamba mimea haihitaji kupumzika usiku.

Hata hivyo, miaka 40 baadaye ilionekana kwamba usiku una kazi yake. Mwaka 1920 Wightman Garner na Harry Allard, watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti wao juu ya tumbaku aina ya Maryland Mammoth. Tumbaku hiyo ilirefuka shambani majira yote ya joto bila kuchanua, lakini ilichanua ndani ya kitalu nyumba wakati wa baridi. Watafiti hao waliingiza mimea kwenye banda lenye giza ili kufupisha siku, ikachanua wakati wa joto. Walipotumia taa kurefusha siku za baridi, ilichelewa kuchanua.

Mwaka 1938 Karl Hamner na James Bonner walionyesha kwamba mimea ya namna hiyo hupima hasa urefu wa giza. Mwanga wa muda mfupi katikati ya usiku mrefu ulitosha kuzuia maua.

Kazi ya kwanza: chakula

Mmea hutengeneza chakula kwa usanisinuru, ukitumia hasa mwanga wenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 400 na 700. Kiasi cha mwanga huo hupimwa kwa mikromoli kwa kila mita mraba kwa sekunde. Kipimo cha luksi hakifai sana, kwa sababu kinafuata uwezo wa jicho la binadamu na si mahitaji ya jani.

Jua kali la mchana hutoa karibu mikromoli 2,000 kwa mita mraba kwa sekunde. Kwa saa moja hiyo ni takriban moli 7. Mkulima anayetaka kuongeza moli 10 kwa siku kwa kila mita mraba, akiwa na taa ya LED inayotoa mikromoli 2.5 kwa kila juli ya umeme, atatumia karibu uniti (kilowati-saa) 1.1 za umeme kila siku kwa kila mita mraba. Mwanga huohuo hutolewa bure na jua kali katika muda usiofika saa moja na nusu.

Kwa sababu hiyo taa za kulisha mimea hupangwa kufuata hali ya hewa. Huwashwa kukiwa na mawingu au kabla ya jua kupanda, na huzimwa mwanga wa nje unapotosha. Katika vitalu vikubwa kazi hiyo hufanywa na kihisi cha mwanga kilichounganishwa na swichi.

Kazi ya pili: kalenda

Majani yana protini inayoitwa fitokromu, ambayo hubadilika inapopigwa na mwanga mwekundu na kurudi polepole katika hali yake ya awali gizani. Kwa njia hiyo mmea hutambua usiku umekuwa mrefu kiasi gani.

Mimea ya siku fupi, kama krisanthemu na aina nyingi za bangi, huchanua usiku unapopita urefu fulani. Mimea ya siku ndefu, kama spinachi, huchanua usiku unapokuwa mfupi. Mingine, kama nyanya, haijali sana urefu wa usiku.

Ili kuzuia krisanthemu kuchanua, mikromoli 2 hivi kwa mita mraba kwa sekunde, kwa saa nne katikati ya usiku, kwa kawaida hutosha. Kwa taa ileile ya LED, umeme unaotumika ni karibu wati-saa 3 tu kwa mita mraba, yaani chini ya sehemu moja kwa mia tatu ya ule wa kuongeza chakula katika mfano wa juu. Mwanga hafifu usioweza kuulisha mmea unaweza basi kubadilisha kabisa majira yake.

Mmea hujumlisha jua na taa

Kosa la kawaida katika kuchanganya jua na taa ni kuhesabu saa za taa peke yake. Kwa mmea, mchana huanza na mwanga wa kwanza, uwe wa jua au wa taa, na huisha mwanga wa mwisho unapozimika.

Mfano ni mmea wa bangi uliowekwa dirishani mjini Berlin mwezi Juni. Taa yake huwashwa saa 12 asubuhi na kuzimwa saa 12 jioni, ili mmea upate usiku wa saa 12 na kuchanua. Lakini mwezi huo jua la Berlin huchomoza kabla ya saa 11 alfajiri na kuzama baada ya saa 3 usiku. Giza halisi linalobaki ni chini ya saa 8, na mmea huendelea kukuza majani. Katika hali hiyo taa haina kosa; kinachokosekana ni pazia zito la kuzuia jua la jioni na la alfajiri. Taa ya barabarani au ya chumbani inayomulika mmea usiku inaweza kuleta tatizo hilohilo.

Mwezi Desemba hali hugeuka. Siku ya Berlin haifiki saa 8 na jua liko chini, hivyo urefu wa usiku unatosha kuleta maua lakini chakula ni haba. Hapo taa hufanya kazi ya kwanza, mradi saa za jua na taa kwa pamoja zisivunje usiku mrefu unaohitajika.

Baadhi ya aina za bangi huchanua kulingana na umri, bila kufuata urefu wa usiku. Kwa aina hizo taa inaweza kurefusha mchana bila kuzuia maua.

Dirisha lina upungufu mwingine: mwanga huingia kutoka upande mmoja na hupungua haraka kadiri mmea unavyokaa mbali na kioo. Shina hupinda kuelekea dirishani. Taa iliyowekwa juu au upande wa pili wa mmea hupunguza kupinda huko.

Matumizi Afrika Mashariki

Karibu na ikweta mchana na usiku hulingana mwaka mzima, na jua lina nguvu. Hata hivyo, katika mashamba ya maua ya Kenya na Uganda taa huwashwa usiku juu ya krisanthemu. Usiku wa saa 12 ungeifanya ichanue ikiwa bado mifupi. Taa huiacha irefuke kwanza, kisha huzimwa ili maua yaanze. Katika mashamba hayo taa hutumika kama kalenda, na chakula hutokana na jua.

Nishati na usalama

Kukuza mimea kwa taa pekee hugharimu nishati nyingi. Mwaka 2012 mtafiti Evan Mills alikadiria kwamba bangi iliyokuzwa ndani ya majengo ilitumia karibu asilimia 1 ya umeme wote wa Marekani, pamoja na umeme wa kupoza hewa na kuondoa unyevu. Kutumia jua kwanza na taa kwa pengo linalobaki hupunguza sehemu kubwa ya matumizi hayo.

Taa za sodiamu hupata joto kali na huwekwa mbali na majani. Taa za LED zina joto dogo zaidi mbele yake. Kwa kuwa maji na umeme viko mahali pamoja, nyaya na soketi huwekwa mbali na sehemu ya kumwagilia.

Sheria kuhusu bangi

Kanada iliruhusu bangi mwaka 2018, na sheria ya shirikisho inaruhusu hadi mimea 4 kwa kila kaya, ingawa jimbo la Quebec limekataza kuikuza nyumbani. Ujerumani inaruhusu mtu mzima kukuza hadi mimea 3 tangu tarehe 1 Aprili 2024. Nchini Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2018 kwamba mtu mzima anaweza kuikuza faraghani kwa matumizi yake mwenyewe. Nchini Kenya na Tanzania kulima bangi bila kibali cha kisheria ni kosa la jinai, hata kama ni mmea mmoja dirishani.