Maandamano bila ruhusa: je, polisi iko na haki ya kutupiga masasi?



Kila mara maandamano yanaishia mu damu, tunasikiaka jibu moja tu kutoka kwa wakubwa: « Hawakukuwa na ruhusa. » Meya anasema, msemaji wa polisi anarudilia, radio inatangaza, na sisi wenyewe tunaisambaza mu grupu zetu za WhatsApp kama vile ile neno inafunga mazungumzo. Mtu amekufa, lakini hakukuwa na ruhusa. Basi, imeisha.

Leo tuichambue ile jibu pole pole, sababu iko na makosa mbili ndani. Kosa la kwanza: Katiba yetu haituombi ruhusa. Kosa la pili ni kubwa zaidi: hata maandamano yakiwa kinyume cha sheria kabisa, hiyo peke haimpe askari yeyote haki ya kuua.

1. KUJULISHA HAIKO KUOMBA

Kipengele cha 26 cha Katiba ya tarehe 18/2/2006 kinahakikisha uhuru wa kuandamana. Kwa maandamano ya barabarani ao mahali pa wazi, waandaaji wanadaiwa kitu kimoja: kujulisha mamlaka kwa maandishi.

Ukiwa na matanga nyumbani, unaendaka kumjulisha jirani. Humuombi akubali mtu wako afe. Unamwambia ili ajipange na viti, makelele na magari yatakayofunga njia. Barua kwa meya ao kwa gavana ni vile vile: serikali ipate wakati wa kupanga polisi, kugeuza magari, kulinda wanaotembea na wale wasiotembea.

Sasa ile neno « ruhusa » ilitoka wapi? Ilitoka mbali, tangu wakati wa Wabelgiji. Kisha ikarudi mu sheria-amri namba 196 ya tarehe 29/1/1999, wakati inchi ilikuwa mu vita. Katiba ilikuja miaka 7 nyuma yake, na Katiba iko juu ya sheria zote. Lakini mu maofisi mingi mazoea ya zamani yangali. Barua ya kujulisha inageuzwa kuwa maombi. Kimya cha meya kinageuzwa kuwa katazo. Na katazo linageuzwa kuwa ruhusa ya kupiga. Tuangalie vizuri hizo hatua tatu: hakuna hata moja inayotoka mu kipengele cha 26.

2. KUTOTII KWA RAIA NI KITU INGINE

Wengi wanachanganyaka maandamano na ile Wafaransa wanaita « désobéissance civile », yaani kutotii kwa raia. Kuandamana ni kutumia haki ambayo sheria inakupa. Kutotii ni kukataa kwa makusudi, waziwazi, bila silaha, amri ao sheria unayoona haina haki, ukiwa tayari kukamatwa na kujieleza mbele ya muamuzi. Mwizi anakimbia na kujificha. Mwenye kutotii anabaki pale pale na jina lake.

Sisi Wakongomani hatukufundishwa hiyo na mugeni. Mwaka 1959, mu Bas-Congo, wafuasi wa ABAKO walikataa kulipa kodi ya mkoloni, na mwezi wa 12 wakakataa kwenda ku uchaguzi wake. Utawala ulijikuta unaamuru watu wasioitika. Miezi michache nyuma, meza ya Bruxelles ilipanga tarehe ya uhuru.

Leo aina inayojulikana sana ni « ville morte »: maduka yanafungwa, mateksi hayatoki, watoto hawaendi masomo. Nguvu yake inaeleweka: barabara ikiwa tupu, polisi haina kundi la kutawanya. Lakini iko na bei. Mama wa soko anayekula jioni kile aliuza asubuhi ndiye anailipa wa kwanza. Njo maana « ville morte » ya siku moja, yenye sababu iliyoelezwa vizuri, inafanikiwa kuliko ya juma nzima.

Na kuna mupaka. Kipengele kile kile cha 26 kinasema hakuna mtu anaweza kulazimishwa kushiriki maandamano. Kijana anayechoma mataira na kumpiga mumotari sababu ametafuta kazi hafanyi kutotii kwa raia. Anafanya kile analaumu polisi kufanya.

3. NGUVU YA POLISI IKO NA NGAZI

Polisi iko na haki ya kutumia nguvu. Tusidanganyane, hakuna inchi bila hiyo. Swali ni: wakati gani, na kadiri gani? Sheria ya tarehe 11/8/2011 kuhusu Polisi ya Taifa inafunga ile nguvu na masharti: iwe na msingi wa sheria, iwe ya lazima kweli, ilingane na hatari, na ipande pole pole. Kwanza maneno, kisha onyo la sauti, kisha kuzuia njia, na kadhalika. Kuruka kutoka chini ya ngazi mupaka juu, hiyo si kazi ya polisi tena.

Mwaka 1990, huko La Havane, Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni juu ya nguvu na silaha za moto za polisi. Tukamate mbili:

– Kundi likiwa kinyume cha sheria lakini lina amani, polisi iepuke nguvu. Ikishindikana, itumie kiasi kidogo kabisa kinachohitajika.

– Silaha ya moto ni kwa kulinda uhai tu, pale kuna hatari ya karibu ya kifo ao majeraha makubwa, na njia ingine zimeshindwa.

Tuliona? Swali la ruhusa halimo. Swali ni hatari. Anayekaa chini mbele ya ofisi ya gavana na karatasi mkononi, hata akiwa amekatazwa kukaa pale, anaweza kuondolewa. Anaweza kukamatwa na kupelekwa mbele ya muamuzi. Kumpiga mateke akiwa amekaa, hapana. Kumpiga lisasi, hapana hata kidogo.

Na hali ya dharura (« état de siège »)? Kipengele cha 61 kinajibu: hata wakati wa ile hali, haki ya kuishi haisimamishwe, na mateso yanabaki yamekatazwa.

4. MASASI YALIJIBU NINI?

Labda mtu atasema: hizo ni sheria za ma-livre, inchi inahitaji mkono wa nguvu. Basi tuulize historia yetu.

Tarehe 4/1/1959, Léopoldville, mkutano wa ABAKO uliahirishwa sababu ruhusa haikupatikana. Watu walikuwa wamekwisha kufika. Hasira ikapanda, mawe na uporaji vikafuata, na Force publique ikapiga masasi. Hesabu ya wakoloni yenyewe ilikubali karibu wafu 50. Wengi wanasema walikuwa zaidi sana. Siku 9 tu kisha, mfalme Baudouin akatamka neno uhuru. Leo ile tarehe ni sikukuu yetu ya mashahidi.

Tarehe 16/2/1992, Kinshasa, Wakristu walitoka makanisani na Biblia, rozari na matawi, wakidai Konferansi ya Taifa ifunguliwe tena. Maaskari wakawapiga masasi. Mwezi wa 4, Konferansi ikafunguliwa.

Tarehe 16/2/2016, siku ya « ville morte » kitaifa, vijana 6 wa LUCHA walikamatwa Goma alfajiri wakitayarisha mabango. Walihukumiwa miaka 2, rufaa ikapunguza mupaka miezi 6. Kosa lao lilikuwa kitambaa na rangi.

Mwaka 2018, mu matembezi ya Comité laïc de coordination, Thérèse Kapangala aliuawa tarehe 21/1 na Rossy Mukendi tarehe 25/2, wote wawili pale parokia, Kinshasa. Ile mwaka haikuisha Joseph Kabila akiwa mgombea.

Na Goma, tarehe 30/8/2023, maandamano yalikatazwa, wakatumwa maaskari wa jeshi badala ya polisi iliyofundishwa kusimamia makundi. Zaidi ya watu 50 walikufa. Safari hii tribinali ya kijeshi ilikaa haraka, na koloneli mmoja akahukumiwa. Hukumu ni ya lazima, lakini haifufui mtu.

Masasi hayakuzima madai mu kesi hizo. Yaliongeza makaburi, na mara mingi yakaharakisha kile wakubwa walikuwa wanakataa.

5. KIPENGELE CHA 28 KINATUHUSU SISI

Wahitimu, hapa tusikilizane. Tunasomaka hizi habari kama vile tutakuwa upande mmoja tu, wa wenye kupigwa. Kumbe kati yetu kuna wataokuwa mabourgmestre, mamajistra, ma-OPJ, makomiseri wa polisi. Mmoja atapokea ile barua ya kujulisha. Mwingine atashika radio na kusikia amri.

Kipengele cha 28 kinasema hakuna anayelazimishwa kutekeleza amri iliyo wazi kinyume cha sheria. Wakala wa serikali anafunguliwa na deni la utii pale amri inavunja waziwazi haki za binadamu. Lakini mzigo wa kuonyesha kwamba amri ilikuwa mbaya uko juu ya yule aliyekataa. Haiko rahisi, hasa kwa polisi mwenye watoto na mshahara mudogo. Lakini « niliamriwa » haiko kinga mbele ya muamuzi, na inafaa ajue hiyo mbele ya kutoka kambini, haiko kisha.

6. KABLA YA KUTOKA

Kwa wale wanaotayarisha tembezi ao sit-in:

a) Andika barua ukitaja sababu, siku, saa, njia mtapita na majina ya waandaaji. Peleka kopi mbili. Moja irudi kwako na muhuri na tarehe. Wakikataa kupokea, nenda na mashahidi, andika siku na saa ya kukataliwa.

b) Chagua wasimamizi wa nidhamu, na mkubaliane mapema: anayetupa jiwe anatolewa na wenzake.

c) Namba ya avoka iandikwe ku mkono, sababu simu inanyang'anywa ya kwanza. Kufuatana na kipengele cha 18, ukikamatwa lazima uambiwe sababu mara moja, mu luga unayoelewa. Uko na haki ya kuwasiliana na jamaa yako ao avoka. Na kuzuiliwa mu kasho kwa uchunguzi kusipite saa 48.

d) Mwenye kujeruhiwa atafute karatasi ya muganga siku ile ile. Kisha juma mbili, alama zimepotea na kesi imekufa.

Na wale watakaobaki nyumbani, hiyo ni haki yao pia. Tunawaombea kitu kimoja: kesho mukisikia « hawakukuwa na ruhusa », muulize swali la pili. Walikuwa wanahatarisha uhai wa nani?