Ufadhili wa kusoma ng'ambo: usifiche hali ya mfuko wenu

Kila mwaka matokeo ya KCSE yakitoka, swali ni lile lile nyumbani na kwenye vikundi vya WhatsApp: mtoto amepata A, je, anaweza kusoma ng'ambo na sisi hatuna kitu? Anaweza. Ila njia yenyewe si ile wengi wanayoifikiria. Kwa shahada ya kwanza, pesa nyingi za ufadhili hutoka kwa chuo chenyewe. Chuo huangalia gharama yake ya mwaka, kinapima uwezo wa familia yako, kisha kinalipa pengo lililobaki, lote au sehemu.

Kwa hivyo karatasi za pesa zina uzito karibu sawa na alama. Na kwa familia nyingi Kenya, pesa hizo zinapita kwenye simu. Ndiyo maana tumeona tuzungumzie jambo hili.

Vyuo haviko sawa

Chukua Marekani, ambako Wakenya wengi huomba. Kuna vyuo vichache, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin, ambavyo vinaamua kukupokea bila kuangalia kama una pesa, hata kama wewe ni mgeni. Ukipita, vinagharamia uhitaji wako wote kama vilivyoupima. Shida ni ushindani: Harvard huchukua chini ya watu 5 kati ya kila waombaji 100.

Kundi la pili ni kubwa zaidi. Vyuo kama Smith na Wellesley, vyote vya wanawake na vyote viko Massachusetts, huzingatia uwezo wako wa kulipa wakati vinachagua wanafunzi wa kigeni. Lakini vikishakupokea na umeomba msaada, vinaziba pengo lako lote.

Hapo ndipo wazazi wengi wanapata kishawishi: tuseme hatuhitaji msaada, mtoto apite kwanza, mengine tutajua mbele. Tafadhali usifanye hivyo. Vyuo vingi havimruhusu mwanafunzi wa kigeni kuomba msaada baadaye kama hakuomba mwanzoni. Mtoto atapata barua ya kukubaliwa, harambee itaitishwa, na bado karo ya muhula wa kwanza haitatimia.

Pesa zilizopita kwenye simu si mapato yote

Vyuo vingi hutumia fomu ya CSS Profile, na vingine vina fomu yao ya bure. Zote zinauliza mambo yale yale: mapato ya mwaka, mali, madeni, watu mnaowategemea, na kiasi mnachoweza kuchanga. CSS Profile inakubali ujaze kwa shilingi.

Mzazi asiye na payslip hujibuje? Kwa stetimenti ya miezi 12 na maelezo mafupi. Tuseme mama anauza mboga Kongowea na till yake inaingiza Sh 60,000 kwa mwezi. Kwa mwaka hiyo ni Sh 720,000. Ukiandika hiyo kama mapato, umejionyesha tajiri kuliko ulivyo. Toa Sh 42,000 za kununua mboga kila mwezi na Sh 4,000 za usafiri na ushuru wa soko. Kinachobaki ni Sh 14,000 kwa mwezi, yaani Sh 168,000 kwa mwaka. Hayo ndiyo mapato yake ya biashara.

Angalia pia pesa zingine zilizoingia kwenye simu. Mkopo si mapato. Pesa za chama ulizopokea kama mweka hazina si zako. Lakini kama dada aliye Saudia hukutumia Sh 5,000 kila mwezi za kuwasaidia, huo ni msaada wa kweli na unafaa kutajwa. Shamba nalo litaje, hata kama ni la urithi na haliuzwi, eleza hivyo. Usiandike sufuri kila mahali ukidhani utahurumiwa. Fomu ikisema mapato ni sufuri na stetimenti ionyeshe kodi ya nyumba inalipwa kila mwezi, maswali yatakuja. Barua ya chifu inaweza kusaidia kuthibitisha hali yenu, lakini hesabu yako ndiyo itakayoeleza.

Unapoomba stetimenti, pakua faili mwenyewe na ulitume mwenyewe. Hakuna chuo kinachohitaji PIN yako, wala simu yako mkononi.

Nini cha kulipia, nini si cha kulipia

Kufungua akaunti ya Common App, ambapo unaweza kuomba vyuo hadi 20, ni bure. Kila chuo kina ada yake ya maombi, lakini unaweza kuomba usamehewe kwa sababu ya hali ya kifedha. CSS Profile nayo ina ada. Kabla ya kulipa, andikia ofisi ya misaada ya chuo na uulize kama wana msimbo wa kukuondolea ada au fomu mbadala.

Ushauri pia upo bila malipo. EducationUSA, huduma ya serikali ya Marekani, ina washauri Nairobi. KenSAP, iliyoanzishwa 2004, huchagua wanafunzi waliofanya vizuri KCSE wanaotoka familia zisizojiweza na kuwaandaa kuomba vyuo vya Amerika Kaskazini. Aliyefiwa na mzazi aangalie Ashinaga, shirika la Japani lenye mpango wa wanafunzi wa Afrika.

Sasa, mtu akikupigia kusema umeshapata ufadhili na kilichobaki ni kutuma pesa ya kushughulikia fomu kwa nambari yake binafsi, kata simu. Ufadhili wa kweli haununuliwi hivyo. Kama tayari umetuma, wasiliana nasi mara moja, kisha piga ripoti polisi. Ukichelewa, pesa zitakuwa zimeshatolewa.

Ada halali zitakuja baadaye: pasipoti, viza, na ada ya SEVIS ya dola 350 kwa anayeenda Marekani. Anza kuweka kidogo kidogo mapema, na uulize chuo kama kinasaidia nauli. Barua ya ufadhili ikifika, soma kama inagusa karo peke yake au pia malazi, chakula, vitabu na bima ya afya.

Anza lini?

Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi mapema Januari, na raundi ya mapema hufunga Novemba 1, wakati watahiniwa bado wako kwenye KCSE. Ndiyo maana wengi huomba mwaka unaofuata, wakiwa na matokeo mkononi. Usiiache nafasi ya KUCCPS ukisubiri. Jaza zote mbili.

Wikendi hii keti na mzazi au mlezi wako, mpakue stetimenti ya miezi 12, na mweke alama kwenye kila pesa iliyoingia: faida, mtaji, mkopo, msaada. Si kazi rahisi, na wazazi wengi hawajazoea kuwaonyesha watoto mfuko wao. Lakini chuo hakiwezi kuziba pengo ambalo hakijaonyeshwa.