Je, Wajua? Waraka Uliotiwa Saini Bila Kusomwa

Je, wajua ya kuwa Abraham Lincoln, ambaye leo Wamarekani humtukuza kupita marais wao walio wengi, aliwahi kukata tamaa ya kuchaguliwa tena? Tarehe 23 Agosti 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimeingia mwaka wa nne na raia wamechoka kuzika vijana wao, aliandika waraka mfupi akikiri kwamba yaelekea atashindwa, na kwamba itakuwa faradhi kwake kushirikiana na rais mteule ili kuuokoa Muungano wa majimbo ya Marekani kabla huyo hajaapishwa. Kisha akaukunja, mawaziri wake wakatia saini mgongoni pasipo kujua yaliyomo. Mpinzani wake alikuwa Jenerali George McClellan, yule yule ambaye Lincoln alimuuzulu ukamanda mwaka 1862. Lau mji wa Atlanta, uliokuwa mikononi mwa waasi wa Kusini, usingalitekwa na majeshi ya Muungano mwanzoni mwa Septemba, naamini tarikhi ya Marekani ingalishika njia nyingine kabisa. Lakini ulitekwa, na mwezi Novemba Lincoln akapata kura 212 za wajumbe wa uchaguzi, McClellan 21. Siku chache baadaye waraka ule ulifunguliwa, mawaziri wakasomewa walichokitilia saini.