Jua la Tlawi halipimwi kwa joto

Hospitali ya Kilutheri Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 kwa juhudi za wamisionari wa Norwei, imezoea wanafunzi wa kigeni. Wapo wa udaktari na wapo wa uuguzi, wengi wao Wanorwei, wanaokuja wilayani Mbulu kwa mafunzo ya vitendo. Wakipata siku za mapumziko hawajifungii vyumbani. Hupanda gari mpaka Ziwa Tlawi, wakatembea kando ya matete wakitazama ndege; siku nyingine huteremka Bonde la Yaeda, na wenye pumzi huenda kuupanda Mlima Hanang. Kijana aliyeliacha jua la kwao likichungulia kwa saa chache tu kisha likazama, huingoja kwa hamu wiki ya namna hii.

Na ndiyo wiki inayowababua.

Mtazame mgeni huyo jioni akishavua kofia, kama alikuwa nayo. Wekundu umeanzia kwenye njia ya nywele, ukapita ncha za masikio na shingo ya nyuma, ukashuka hadi juu ya miguu, ambako mikanda ya kandambili imeacha mistari myeupe. Usiku shuka likimgusa anaruka. Anachoshindwa kuelewa ni kwamba mchana kutwa hakuhisi joto. Alivaa sweta asubuhi, upepo ukampuliza toka ziwani, akaamini kwamba jua la siku hiyo lilikuwa la upole.

Hapo ndipo wengi tunapokosea, wageni na wenyeji. Joto tunalolihisi juani huletwa zaidi na mwanga wa kawaida na mionzi ya infraredi. Kinachobabua ngozi ni mionzi ya urujuanimno, na mwili wa binadamu hauna namna ya kuihisi inapoingia. Upepo wa Tlawi unaweza kuipoza ngozi mpaka mtu akajikunyata, na mionzi ikaendelea kuingia vilevile.

Tena huku juu inaingia kwa wingi. Sehemu kubwa ya nyanda za Mbulu iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa kila ukipanda mita 1,000 mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 hadi 12, kwa sababu hewa ya kuichuja inapungua. Kwa hesabu hiyo, anayepalilia vitunguu saumu Mbulu anapata mionzi zaidi ya mvuvi wa Dar es Salaam kwa takriban moja ya sita hadi moja ya tano, anga likiwa sawa. Aliyefika kilele cha Hanang, mita zipatazo 3,420, amejiongezea kiasi kama hicho tena, na huko baridi ni kali zaidi.

Kisha kuna mahali jua lenyewe linapopita. Mbulu iko karibu nyuzi nne kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, katika wiki ya pili ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la mchana hupita wima juu ya utosi. Miezi mingine huliona limeinama kidogo tu. Na kwa kuwa saa za Tanzania zinafuata mstari ulio mbali mashariki mwa Mbulu, jua la utosi huku halifiki saa sita kamili bali karibu saa sita na nusu au zaidi. Mtu anayejiambia saa saba kwamba jua limekwisha kupinda bado yumo katikati ya saa nne kali, zile zinazobeba takriban asilimia 60 ya mionzi ya siku nzima. Kipimo kisichohitaji simu wala saa ni kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko kimo chako, mionzi ni mikali.

Wingu jepesi halisaidii sana. Zaidi ya asilimia 90 ya mionzi hupenya. Maji nayo hayasaidii, maana nusu mita chini ya uso wa maji bado kuna kama asilimia 40. (Anayetaka kuingia ziwani aulize kwanza wataalamu wa afya wa eneo hilo kuhusu kichocho. Hilo ni jambo linalojitegemea.)

Kuna jambo moja zaidi ambalo wageni wengi hawaambiwi wazi. Wasafiri wengi hunywa doksisaiklini kila siku kujikinga na malaria. Ni dawa nzuri, lakini huifanya ngozi iwe rahisi kuungua na jua, hata kwa mtu ambaye kwa kawaida haungui. Huku kwetu dawa hiyo hiyo hutolewa kwa maambukizi ya aina nyingi, na mgonjwa akarudi shambani siku hiyo hiyo bila kuambiwa avae mikono mirefu. Anayetoa dawa dirishani angeweza kumaliza jambo hili kwa sentensi moja.

Ndani ya ngozi, mionzi hii hugonga vinasaba vya seli na kuunganisha sehemu zisizopaswa kuungana. Seli ina mafundi wake wa kurekebisha, na kazi nyingi huisha salama. Uharibifu ukizidi, mwili hupeleka damu kwa wingi mahali hapo, ndiyo wekundu na maumivu. Havitokei palepale. Huanza saa tatu hadi tano baadaye na kufikia kilele kati ya saa 12 na 24, wakati matembezi yalishakwisha zamani. Seli zisizorekebishika hujiua, ngozi ikabambuka. Chache huponyoka na kasoro zake, na hizo ndizo zinazoweza kuzaa saratani miaka mingi baadaye. Norwei, nchi yenye jua hafifu, ni miongoni mwa nchi zenye viwango vikubwa zaidi vya melanoma duniani. Saratani hiyo inahusishwa hasa na jua la vipindi, yaani ngozi iliyofichwa kwa miezi kisha ikaanikwa ghafla kwa wiki moja.

Je, mgeni alikimbie jua? Hapana, analihitaji. Mionzi hiyo hiyo, ikigusa aina fulani ya kolesteroli iliyo kwenye ngozi, huanzisha utengenezaji wa vitamini D, ambayo ini na figo huikamilisha ili mifupa ipate kalisi. Watoto wanaoikosa hupata matege. Katika majira ya baridi kaskazini mwa Ulaya jua huwa chini mno kuianzisha kazi hiyo, ndiyo maana Wanorwei wamezoea kunywa mafuta ya ini la samaki.

Jibu la kiasi gani kinatosha lilitafutwa hapa hapa jirani. Watafiti wa Uholanzi wakiongozwa na Martine Luxwolda walipima damu ya Wamasai 35 na Wahadzabe 25 wa Tanzania wanaoishi kwa desturi za jadi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Wastani wa vitamini D ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, ilhali taasisi nyingi za afya huhesabu 50 kuwa inatosha. Mimi huvutiwa zaidi na maelezo kuhusu maisha yao kuliko tarakimu hiyo. Watu hawa hushinda nje sehemu kubwa ya siku, lakini jua la moja kwa moja hulikwepa kila wanapoweza. Wana ngozi nyeusi inayohitaji muda mrefu zaidi juani ili itengeneze vitamini, na bado wanapata ya kutosha na ziada, huku wakitafuta kivuli. Tena ngozi ina kikomo chake: mionzi ikizidi, huanza kuvunjavunja kile kilichotengenezwa. Kwa mgeni mweupe dakika chache za mikono na miguu kabla ya saa nne zinatosha. Saa tatu za utosini hazimwongezei kitu ila madhara.

Sisi wenye melanini nyingi, yaani rangi nyeusi ya ngozi, tumepewa kinga ya kweli. Punje zake hujipanga juu ya kiini cha seli kama kofia na kuvifunika vinasaba. Vipimo vya maabara vimeikadiria kinga hiyo kuwa namba 13 kwenye mizani inayotumika kupima losheni za jua, dhidi ya 3 tu kwa ngozi nyeupe. Lakini 13 si ukuta. Macho hayafunikwi na kinga hiyo, na mtoto wa jicho huchangiwa na miaka mingi ya jua kali. Anayejipaka mkorogo anaivua kofia hiyo kwa mikono yake. Halafu tusichanganye mambo: melanoma kwa watu weusi mara nyingi hutokea unyayoni au chini ya kucha, haihusiani na jua, na alama nyeusi inayokua pale ni ya kuonyeshwa daktari.

Mgeni aliyebabuka amwagie sehemu hiyo maji ya baridi, anywe maji mengi, ameze parasetamoli, asipake dawa ya meno wala mafuta ya kupikia. Malengelenge asiyapasue. Kwa siku zilizobaki aanze safari saa moja asubuhi, mchana akae kivulini, na losheni yenye kinga ya 30 aipake kwa wingi na kuirudia kila baada ya saa mbili. Wiki yake itakwisha, atapanda ndege, ngozi itajibambua.

Mtoto mwenye ualbino hana ndege ya kupanda. Tanzania ina watu wengi wenye ualbino, takriban mmoja katika kila 1,400, na kwao hali hiyo ya mgeni wa wiki moja ni ya maisha yote: gwaride la asubuhi, kuchota maji, kuchunga, michezo ya saa tisa. Mwandishi huyu anaona ni makosa kuwa losheni imo ndani ya begi la mtalii lakini haimo ofisini kwa mwalimu wa afya. Inatengenezwa nchini. Mjini Moshi huandaliwa Kilisun, losheni iliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino. Shule inaweza kuanza na yasiyo na gharama: ruhusa ya kofia pana na mikono mirefu hata kama si sare, kiti mbali na dirisha lenye jua lakini karibu na ubao kwa kuwa macho yao huona kwa shida, na kazi za nje kabla ya saa tatu au baada ya saa kumi. Mzazi amkague mwanawe kila mwezi usoni, masikioni, shingoni na mikononi. Gamba gumu linalorudi kila likibanduka, au kidonda kilichokaa mwezi bila kupona, lipelekwe hospitali lingali dogo, kwa sababu wakati huo huweza kuondolewa kwa kugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika, mtoto akarudi nyumbani siku hiyo hiyo.