Pumzi Nayo Hupooza

Mtu akipigwa na kiharusi, macho ya wote huenda kwenye mkono na mguu. Ndugu huuliza atatembea lini, atashika kijiko lini. Mtaalamu mmoja wa fiziotherapia jijini Dar es Salaam, mama anayewafuata wagonjwa hadi majumbani, huanzia kwingine. Humwomba mgonjwa akohoe, naye akatega sikio. Tangu aliponieleza sababu, jambo hili halijanitoka, kwani katika nyumba zote nilizokwenda kumjulia hali mgonjwa wa kiharusi, sijapata kusikia mtu akiulizia kikohozi.

Kukohoa, anasema, ni kazi ya misuli. Mtu huvuta pumzi ndefu, hufunga koo, hubana tumbo, kisha huifyatua hewa kwa kishindo. Upande mmoja ukipooza, misuli ya mbavu na ya tumbo ya upande huo hulegea pamoja na mkono. Hata kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo hakishuki sawasawa upande ule mgonjwa anapojitahidi kuvuta pumzi ndefu. Akitulia lakini anapumua bila taabu, kwa sababu pumzi inayojiendea huongozwa na shina la ubongo, ambalo mara nyingi kiharusi hakikuligusa. Ndiyo maana nyumbani hakuna anayeshtuka. Siku mate au uji unapompalia, ndipo kikohozi kinatoka hafifu, makohozi yanabaki kifuani na nimonia inapata njia. Katika majuma ya mwanzo, nimonia ni miongoni mwa vinavyowaua sana wagonjwa hawa.

Kifaa anachotembea nacho kinaenea kiganjani: kibomba cha plastiki chenye sehemu ya kuweka mdomoni, na ndani yake vali iliyozuiwa na springi. Mgonjwa huketishwa wima, hubanwa pua kwa kibanio, kisha huvuta. Nguvu yake isipoishinda springi, hewa haipiti. Juma hadi juma springi hukazwa kidogo.

Ugumu wa springi hiyo hupimwa kwa sentimita za maji, na hapo ndipo niliponasa. Ni maji kweli. Tumbukiza mrija sentimita 10 ndani ya chupa ya maji, upulize: hakuna povu litakalotoka mpaka pumzi yako izishinde sentimita hizo 10. Mwanamume mwenye afya anaweza kuvuta kwa nguvu ya takribani sentimita 100, yaani nguvu ya kuyapandisha maji mrijani hadi karibu mita nzima. Wagonjwa wengi wa kiharusi hubaki na nusu ya hapo, wengine pungufu.

Basi kwa nini chupa na mrija visitoshe, ilhali kifaa kile si kila nyumba inakimudu? Nilimuuliza, na jibu lake lilikuwa kali. Chupa ina kazi yake, husaidia kulegeza makohozi kwa baadhi ya wagonjwa. Ila sentimita 10 ni mzigo mdogo mno wa kuimarisha msuli, na chupa humfunza mtu kupuliza tu, wala si kuvuta. Kubwa zaidi ni hatari yake: mgonjwa mwenye shida ya kumeza, au ambaye bado hafahamu vizuri anachoelezwa, akivuta badala ya kupuliza, maji yanaingia mapafuni. Kwa watu hao hataki hata kusikia chupa ikitajwa. Na hata kwa kifaa chenye springi, haanzi kabla ya kupima shinikizo la damu.

Imani yake katika zoezi hili ina msingi. Huko Belo Horizonte, Brazil, watu 38 waliopata kiharusi walipewa vifaa wafanyie mazoezi nyumbani, dakika 40 kila siku kwa majuma 8. Waliokuwa na mzigo kwenye kifaa walipata nguvu zaidi ya kuvuta na kutoa pumzi, na kuhema kwao kukapungua kuliko kwa waliopewa kifaa kitupu. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyenitajia jaribio la London lililochapishwa 2015, ambalo lilichukua wagonjwa 82 wakiwa ndani ya majuma mawili tangu kiharusi. Kikohozi kiliimarika kwa wote, hata waliopewa mzigo mwepesi usiofunza chochote.

Je, ni mwili uliojirudi wenyewe? Au ni kule kuketishwa wima kila siku, mtu akikuhesabia pumzi? Mama huyu hajui, na anakiri hivyo. Anaendelea kuwafunza wale ambao miezi imepita na bado wanahema wakipanda ngazi. Kwa wale wa juma la kwanza, ambao nimonia inawanyemelea kuliko wote, anasita. Na hata ushahidi ukikamilika, zile dakika 40 za kila siku zitatoka wapi katika nyumba ambayo binti mmoja ndiye anayemgeuza baba, ndiye anayemlisha, na ndiye anayetoka alfajiri kwenda kazini?