Ukifika Mbamba Bay, Utakula Wapi?

Umeteremka kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay. Ni safari ya kilomita 66 hivi, na barabara ni ya lami. Umekuja kuuza maharage, au unangojea meli. Jua limefika utosini. Njaa inauma. Je, utakula wapi?

Mbamba Bay ni mji wa bandari katika Ziwa Nyasa. Zamani ulikuwa ndani ya Wilaya ya Mbinga. Mwaka 2012 ilianzishwa Wilaya ya Nyasa, na makao yake makuu ni hapo Mbamba Bay. Ng'ambo ya ziwa ni nchi ya Malawi.

Katika mji wa bandari, akina mama lishe hupika karibu na watu wanaoshuka kwenye mitumbwi na magari. Hoteli ndogo huwa karibu na soko na stendi. Nyumba za wageni nazo hupika, lakini mara nyingi lazima uagize mapema.

Utakula nini? Chakula cha ziwani ni ugali na samaki. Wenyeji wa pwani ya ziwa hupenda ugali wa muhogo. Kitoweo ni dagaa, mbasa, mbufu au magege. Wengine huwachemsha, wengine huwakaanga au huwabanika juu ya moto.

Usishangae siku moja ukiambiwa, "Leo dagaa wabichi hakuna, baba." Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Samaki hufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu, na wavuvi hupata kidogo. Tena kati ya Juni na Agosti upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu. Mawimbi yakiwa makubwa, mitumbwi haitoki. Siku hizo kula dagaa wakavu, au maharage.

Sasa tuseme jambo kubwa. Chakula kibaya huua. Kuanzia mwaka 2022 hadi 2023, kipindupindu kiliua watu zaidi ya 1,700 huko Malawi. Ugonjwa huu huingia kwa mdomo, katika maji na chakula chenye uchafu wa choo. Maji ya ziwa huonekana maangavu kabisa. Lakini vijidudu havionekani kwa macho.

Kwa hiyo, kabla ya kukaa, tazama mambo haya:

1. Je, kuna maji yanayotiririka na sabuni ya kunawia? Kunawa wote katika beseni moja ni kupeana ugonjwa.

2. Je, chakula ni cha moto? Kama kimepoa, mwambie, "Shikamoo mama. Naomba unipashie moto mpaka kichemke." Huo si ugomvi. Mama mwenye biashara nzuri hatakasirika.

3. Je, maji ya kunywa yamechemshwa? Kama huna hakika, kunywa chai ya moto.

4. Je, samaki ni mzima? Samaki mbichi mzuri ana macho maangavu na mashavu mekundu. Ukimbonyeza, nyama hurudi. Akinuka vibaya, mwache.

5. Je, vyombo vimefunikwa? Nzi hutoka chooni akaja kwenye sahani.

Halafu kuna bei. Wewe sasa unajua kusoma na kuhesabu. Soma bei ukutani. Kama haikuandikwa, uliza kabla ya kula. Tuseme ugali na samaki ni shilingi 3,000, na chai ni shilingi 500. Mmekula watu wawili. Jumla ni shilingi 7,000. Ukitoa noti ya 10,000, chenji yako ni 3,000. Hesabu hiyo ifanye mwenyewe, ili usipunjwe. Wala usimpunje mama aliyeamka alfajiri kuwasha moto. Fedha hiyo ndiyo daftari la mwanawe.

Ukiona kibanda kisafi, waambie na wenzako kijijini. Mpishi msafi akipata wateja wengi, jirani yake naye ataweka sabuni.

Maswali ya kuzungumza:

1. Kwa nini dagaa wabichi huwa wachache wakati wa mbalamwezi?

2. Kipindupindu huingiaje mwilini?

3. Katika kijiji chenu, nani anapika chakula cha kuuza? Mnaweza kumsaidia vipi apate maji safi?